Pumzi ya Wifi

"Wifi, pumua kama mtu mzima," Mkunde aliniambia. "Unanipumulia kama mtu anayekimbizwa na mbwa."

Alikuwa amelala chali kwenye mkeka wa mpira, mfuko wa mchanga juu ya tumbo, mkanda wa kijivu umembana chini ya mbavu. Mimi nilikuwa kwenye kigoda pembeni yake nimefungwa mkanda kama huo huo, isipokuwa wangu ulisoma na wake ulitii. Nikivuta hewa, wangu uliona msuli wangu unavyoshuka, ukaupasha wake habari, nao ukaugusa msuli wa Mkunde kwa umeme mdogo, naye akavuta. Nikitoa, anatoa. Na kwa kuwa mtu huongea wakati anatoa hewa, kila neno alilonisema alilisema kwa pumzi yangu. Hebu fikiria! Tangu kaka yangu amuoe tumekuwa tukirushiana maneno, sasa ananisema na hewa ya kunisemea natoa mimi.

Nilikata pumzi katikati ili nimkomoe.

"Mcha..." alisema, akakwama, macho yamemtoka. Nilipotoa tena akamalizia, "...wi wewe."

"Bi Nakijwa, tafadhali," alisema Kombo, mkufunzi wa pumzi pale kituo cha afya, kijana wa Pemba mwenye adabu hadi inachosha. "Mgonjwa si mchezo."

"Mgonjwa ana mdomo mrefu," nilimjibu.

"Pua, tumbo, midomo," alisema Kombo, nasi tukarudi kazini. Hewa iingie kwa pua, tumbo lipande na mfuko wake wa mchanga, kisha midomo ibane kama ya mtu anayepoza uji na hewa itoke polepole. Baada ya hapo ilifuata filimbi, ndivyo tulivyoliita lile bomba fupi la plastiki lenye springi ndani. Halikuwa na muziki wowote. Liliizuia hewa inayoingia ili msuli uivute kwa nguvu, na Mkunde alilichukia kuliko alivyonichukia mimi.

Homa ya vumbi ilipopanda kutoka mbugani, watu walidhani itaua kwa mapafu. Iliua kwa kiwambo, ule msuli uliotandazwa chini ya mapafu, ambao ndio unaoyavuta. Mgonjwa aliwekwa kwenye mashine kubwa, mashine ikafanya kazi yote, msuli ukalala, ukakonda, na siku ya kuuamsha hauna nguvu hata ya kuinua shuka. Waliokaa sana kwenye mashine kubwa tuliwazika. Ndipo ikabuniwa mikanda pacha. Haikumpumulia mgonjwa, iliukumbusha msuli wake kazi, na kila wiki Kombo alipunguza umeme kidogo ili Mkunde aongeze juhudi yake mwenyewe.

Wa kwanza kujitolea alikuwa mumewe, kaka yangu Eliakimu. Mkanda ulimkataa. Homa ilikuwa imempitia na yeye, kwa wepesi, ikamwachia kikohozi, na kiongozi wa pumzi hatakiwi kuwa na kasoro. Basi wakanitafuta mimi, muuza mitumba wa mnada wa Same, ambaye akinadi suruali huku hata ng'ombe wa upande wa pili wanageuka. Eliakimu akarudi kijijini kwetu Mamba, milimani, kwenye shamba lake la tangawizi. Alipoaga alimwinamia mkewe, akanigeukia na mimi.

"Dada, mtunzie pumzi," alisema.

"Kwani ni yake?" nilimjibu, tukacheka wote watatu, Mkunde kwa hewa yangu.

*

Baba mdogo Yoeli alikuja wakati wa mapumziko ya mchana. Muda huo mkanda wa Mkunde ulijiendesha kwa pumzi zangu zilizohifadhiwa, ili mimi nile na kujinyoosha. Nilimkuta kwenye kivuli cha paneli za jua, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kaa chini."

Nikajua. Mtu akikuambia ukae chini kabla hajauliza hali ya mgonjwa, kuna neno.

"Eliakimu ametutoka," alisema. "Kikohozi kile kile. Alilala vizuri, asubuhi tukamkuta."

Nilifungua mdomo. Kilio kilikuwa kimeshafika kooni, na kingetoka kama kinavyotoka kwetu, kwa sauti yote. Baba mdogo akanikamata bega kwa nguvu.

"Nyamaza! Dirisha liko wazi."

Nikakimeza. Kiliniumiza kama kipande cha muhogo kisichotafunwa.

"Ukoo umekaa," aliendelea kwa sauti ya chini. "Tunazika kesho kutwa. Mkunde asiambiwe mpaka afunguliwe mkanda. Atapona kwanza, halafu wazee tutakuja tumwambie kwa utaratibu."

Sikushangaa. Ndivyo tulivyo. Mgonjwa haambiwi msiba. Bibi yetu alikata roho akidhani mwanawe wa kwanza bado yuko kazini Kigoma, na sisi tukajisifu kwamba tulimtunza vizuri. Lakini bibi tulimficha kwa mdomo tu. Hakukuwa na mtu aliyekuwa amefungwa kwenye mbavu zake.

"Na mimi?" niliuliza. "Kaka yangu nimzikeje?"

Baba mdogo alitazama chini. "Wewe baki na mgonjwa."

Nilimfuata Kombo stoo, alikokuwa akipanga mifuko ya mchanga. Nilimweleza. Akakaa juu ya mifuko, akasema maneno ya dini yao ya kumrejesha marehemu kwa Mungu.

"Akiambiwa itakuwaje?" nilimuuliza.

"Kilio ni kazi ya kiwambo, Bi Nakijwa. Kinajikunja kwa nguvu, tena bila mpangilio. Msuli wake bado mwembamba. Unaweza kukakamaa. Ukikakamaa namrudisha mashine kubwa, na mashine kubwa unaijua."

"Nikilia mimi?"

"Ukilia umefungwa mkanda, analia yeye. Hatajua anachokililia, lakini atalia."

"Basi tumtumie pumzi zilizohifadhiwa, mimi niende nikazike."

Alitikisa kichwa. "Zile zinamshikilia tu, hazimfundishi. Msuli ukishazizoea unasinzia. Akikaa nazo siku mbili tunapoteza mwezi mzima. Na kiongozi mwingine ni kuanza upya."

"Kwa hiyo unasema asiambiwe."

"Mimi nakwambia la msuli," alisema Kombo. "La mume na mke siwezi kukuamulia."

Nilimchukia kwa jibu lile. Nilitaka mtu mmoja mwenye elimu aniambie fanya hivi, ili nikilaumiwa nimnyooshee kidole. Nilinawa uso bombani, nikarudi kwenye kigoda, nikafunga mkanda.

*

Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Mazishi yalirushwa kwenye simu, na binamu zangu walinitumia ili nione. Nilizima simu, nikaisukuma chini ya mkeka.

Nilijua utaratibu wa kwetu, kwa hiyo nilijua pia, hata bila kuona, sasa wanaimba, sasa mchungaji anasema, sasa wanashusha. Mbele yangu Kombo alikuwa amewasha skrini, na mstari wa pumzi yangu ulikuwa juu ya mstari wa Mkunde. Kila nilipomfikiria Eliakimu ndani ya sanduku, mstari wangu ulitaka kukatika. Nikaushika. Pua. Tumbo. Midomo. Machozi yaliruhusiwa, maana mkanda hausomi macho, lakini Mkunde angeyaona, kwa hiyo hata hayo niliyarudisha.

"Wifi," Mkunde alisema, amefumba macho.

"Nini?"

"Leo unapumua vizuri. Laini kabisa. Ungekuwa hivi tangu zamani tungeelewana."

Kombo aligeuza uso akatazama ukuta. Mimi nilivuta hewa kwa pua.

*

Baada ya siku kadhaa alianza kuuliza.

"Eliakimu mbona kimya? Hata salamu?"

"Mtandao wa mlimani umekatika. Mvua."

Nilisema hivyo na pumzi yangu ikasita. Kidogo tu, kama mtu anayeruka tuta. Lakini kifua cha Mkunde kilisimama palepale na changu, akafungua macho.

"Mbona umesimama?"

"Nimemeza mate."

"Hukumeza mate." Alisubiri nitoe hewa ili aendelee. "Usinifanye mtoto. Nimo ndani ya mbavu zako mwezi sasa. Ukiwa na njaa najua. Ukinikasirikia najua. Nakijwa, kama kuna jambo niambie."

Hakuwa ameniita jina langu tangu harusi yake. Nilimtazama. Shingo imekonda hadi mishipa inahesabika, mkono mmoja juu ya mfuko wa mchanga, na macho yale ya ukali hayakuwa na ukali. Alikuwa ananiomba. Ilikuwa haki yake. Mume alikuwa wake, kifua kilikuwa chake, na mimi niliyekaa pale na siri yake nilikuwa nani? Ulimi ulikuwa tayari. Kisha nikatazama skrini, nikaona mstari wake ulivyo mfupi chini ya wangu, nikamwona amerudishwa kwenye mashine kubwa na bomba kooni, hawezi hata kunitukana. Niliogopa. Sikuwa na busara yoyote pale, nilikuwa na woga tu.

"Anakohoa," nilisema, na safari hii niliachia hewa taratibu, bila tuta. "Hataki umsikie anavyokohoa. Unamjua kaka kwa kujitia mwanaume."

Kifua chake kilishuka laini na changu. Akaniamini.

"Mjinga yule," alisema, akatabasamu. "Mwambie anywe tangawizi yake mwenyewe, si kuuza tu."

"Nitamwambia."

Mnadani nimeuza shati lenye tundu nikaapa limetoka Ulaya juzi. Uongo ule ulikuwa wa mdomo, mteja na mimi tulijua. Huu niliusema kwa tumbo, kwa mbavu, kwa msuli nisioujua hata sura. Na jamani, nilikuwa hodari. Kadiri wiki zilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuwa hodari. Nilimletea salamu za marehemu. Nilimwambia kaka kapanda mche mpya, kaka kagombana na jirani kwa ajili ya mfereji, na pumzi yangu haikukwaruza hata mara moja. Wakati wa mapumziko nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikasimama tu. Sikuthubutu kulia. Ukilia mchana, pumzi ya alasiri bado ina mikwaruzo, na mikwaruzo ingeingia kwake.

Naye alipona. Hilo siwezi kulikataa. Umeme ulipungua, springi ya filimbi ikakazwa, mfuko wa mchanga ukaongezwa uzito. Siku moja alicheka kwa nguvu zake mwenyewe, na kicheko kilichotoka kilikuwa changu, kile cha kuanzia tumboni ninachochekea wateja wabahili.

"Lo! Umeniibia na kicheko," nilimwambia.

"Msuli haujui pumzi ni ya nani," alisema Kombo. "Unashika unachofundishwa."

Tulicheka pamoja. Hakuna aliyeuliza umefundishwa nini kingine.

*

Siku mkanda ulipofunguliwa, Mkunde alikaa kwenye kiti kama bibi harusi, amefunga kitambaa cha manjano. Kombo alimwachia waya mdogo tu wa kupima, ili mstari uendelee kuonekana kwenye skrini. Alipumua. Akapumua tena. Alinitazama kwa mashaka, kama anayesubiri nimkatie, kisha akaona mimi naongea na yeye anavuta hewa, akapiga makofi.

Wakati huo huo baba mdogo Yoeli aliingia na mashangazi wawili waliojifunga khanga kiunoni kama wa msibani. Mkunde aliona khanga zile. Makofi yakaisha.

"Mwanangu," alisema baba mdogo, "tulikuacha kwanza upate nguvu. Mwenzako Eliakimu alitangulia. Tumeshamzika."

Machozi yalimtoka pale pale, mengi, yakamlowesha kidevu. Alifungua mdomo wazi, shingo ikakaza. Mashangazi walisogea kumdaka. Lakini kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa hewa, ndefu, laini, sawasawa. Akavuta kwa pua. Tumbo likapanda. Akafungua mdomo tena, na hewa ikatoka vile vile. Kwenye skrini mstari ulipanda na kushuka bila hata kona.

"Mungu ashukuriwe," alisema baba mdogo. "Amejikaza."

"Sijajikaza." Mkunde alijipiga ngumi chini ya mbavu. "Kilio hakitoki. Kombo, hakitoki!" Hata kelele ile aliisema kwa utulivu wa mtu anayeagiza chai. Uso ulikuwa unapasuka, sauti imetulia kama ya mtangazaji wa habari.

Kombo alikuwa amesimama mbele ya skrini. Nilimwona anafahamu, na mimi nikafahamu naye.

Mkunde alinigeukia. "Siku ile ya mvua. Ulipopumua vizuri."

"Ndiyo," nilisema.

"Mlikuwa mnamzika."

"Ndiyo, wifi."

"Na mimi nikakusifu."

"Ulinisifu."

Alivuta hewa, akaitoa. "Wewe Kombo. Ningeambiwa siku ile, ningekufa?"

"Labda," alisema Kombo.

"Labda," alirudia Mkunde. "Mmeninyima mume wangu kwa labda."

Baba mdogo alianza kusema kwamba nia ilikuwa njema, kwamba ukoo ulikaa. Hakumsikiliza. Nilimshika Kombo mkono nikamtoa nje.

"Tumeufundisha msuli wake kwa mtu anayejizuia," alisema kabla sijauliza. "Siku nenda rudi. Ndiyo pumzi pekee unayoijua."

"Si unaweza kuufundisha tena? Nifunge mkanda. Nitalia, alie na mimi."

"Msuli wake sasa unafanya kazi wenyewe, hautii tena mkanda. Na sijui, Bi Nakijwa. Hakuna aliyewahi kuniletea mtu anayepumua vizuri akaniomba nimponye."

*

Tulipanda Mamba kwa gari lisilo na dereva, lile la kijani la mlimani, linalokutakia safari njema kila kona. Mkunde alikaa dirishani. Mwili wote ulimlia isipokuwa kifua. Sikumwomba msamaha njiani, maana ningeuombea kwa pumzi ipi?

Kwetu anayefika msibani kwa kuchelewa huanza kulia getini. Anapandisha sauti, wanawake waliomo ndani wanatoka na vilio vyao kumpokea, wanamwingiza. Mke wa marehemu ndiye anayesubiriwa kuliko wote. Gari liliposimama niliwaona wameshajipanga uani, khanga viunoni, nyuso zimeelekea getini. Shangazi mmoja alikuwa amemshikia Mkunde kaniki ya ujane.

Mkunde alishuka. Alisimama mahali pa kulilia. Akashika mlingoti wa geti kwa mikono miwili, akafungua mdomo.

Nilimsikia anavuta hewa kwa pua. Nilimsikia anaitoa.

Wanawake walisubiri. Alijaribu tena, na tena, mabega yake yakisukuma kama mtu anayetaka kutapika. Kaburi la Eliakimu lilionekana kutoka pale, udongo bado mwekundu, na yeye alilitazama huku akipumua kama mtu aliyelala. Uani mtu mmoja alikohoa. Mwingine akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akatikisa kichwa.

"Wanasemaje?" Mkunde aliniuliza.

Nilikuwa nimesikia. Walikuwa wanasema huyu alikuwa anamngoja afe.

"Hawasemi kitu," nilisema.

"Unaniongopea tena. Bila mkanda siku hizi hata siwezi kujua." Alinishika mkono, kucha zikaingia. "Nakijwa, lia. Wewe unaweza. Lia na kilio changu humo humo."

"Nikilia mimi na wewe umenyamaza, watazidi kukusema."

"Na tusipolia wote wawili, Eliakimu alale bila kuliliwa? Lia, wewe mwanamke!"

Nikafungua mdomo, na kile nilichokimeza chini ya paneli za jua kikatoka. Kilitoka kwa sauti yote ya mnadani, kikanipinda magoti, kikaenda mpaka ng'ambo ya bonde. Kaka yangu mimi! Kaka yangu! Wanawake walilipuka kwa pamoja wakanikimbilia, wakanidaka kabla sijafika chini. Nilijaribu kusema simamisheni, mwenye msiba ni yule pale, lakini mtu anayelia namna ile hana nafasi ya kusema. Walinibeba. Walinisifu huku wanalia, dada wa kweli, dada mwenye uchungu. Yule shangazi mwenye kaniki alisita kati yetu, akatazama getini, akaja akanifunika mimi mabega.

Waliniingiza ndani wakanikalisha mkekani, mahali pa mjane. Kupitia mlangoni niliweza kumwona Mkunde. Alikuwa bado ameshika mlingoti, amelowa uso mzima, na hakuna aliyekwenda kumchukua. Alikuwa anapumua vizuri sana.